Kiberiti

Alhamisi, Majengo, umeme haujarudi tangu juzi.
Mama amefungua kipande cha kitenge
chenye mafundo matatu,
na ndani yake bangili,
nyeusi kama kitako cha sufuria ya maharage.

"Hii ni fedha," anasema, utadhani nimebisha.
Fedha kweli, si ile ya kuhesabu,
ingawa lugha imezipa jina moja.
Jumamosi wakwe wa Kavugho watakuja na moja,
nasi tuwe na nyingine mkononi, inang'aa.

Nani aliipaka weusi? Hakuna.
Haikukaa jikoni, haikujua makala.
Ni mlima.
Ule tunaouona mwekundu usiku juu ya mabati
unapumua kiberiti,
na pumzi inashuka, inapita Munigi,
inapenya mbao za ukuta, mafundo matatu,
inaikuta fedha imelala, inailamba.
Kiberiti: neno lile lile la kijisanduku
ninachokitafuta sasa hivi niwashe babula.

Zamani Mama aliisugua kwa majivu,
kisha kwa dawa ya meno na mswaki wa Baba uliokwisha.
Iling'aa, ndiyo,
lakini kila mara kitambaa kiliondoka na kitu,
na kile kitu hakikuwa uchafu mtupu.
Ipime leo. Imekuwa nyepesi kama ahadi.

Leo hatusugui.
Bisimwa, fundi wa saa pale Birere, amenifundisha:
bakuli, karatasi ya aluminiamu ndani yake,
chumvi kijiko,
bikaboneti ya mandazi vijiko viwili,
na maji yachemke kweli
(madumu mawili, kutoka ziwani, kwa chukudu,
nimegombana na mwenye chukudu njia nzima).
"Lazima iguse karatasi," alisema,
"isipogusa utakuwa unapika supu ya bangili."
Kisha akaeleza, miwani ya fundi ikiwa bado jichoni,
kwamba kiberiti kikionyeshwa aluminiamu
kinaiacha fedha, kinahama.

Kuhama tunakujua.
Ule mwezi wa tano tulifika Sake kwa miguu
na godoro, sufuria moja,
na fundo hili ndani ya sidiria ya Mama.

Mapovu madogo.
Halafu harufu, na Musubao anaingia mbio:
"Nani amepasua yai bovu?"
Hakuna yai, mwanangu. Ni mlima unatoka.
Anachungulia bakuli kutafuta moto.

Naitoa kwa uma.
Nyeupe! Nyeupe mpaka naona aibu
kwa miaka yote tuliyoiita kuukuu.
Mama anaifuta kwa pindo la nguo, anaigeuza,
anaisogeza dirishani, anaigeuza tena.
"Umemfuta."

Ndani ya bangili, kwa ncha ya msumari,
Baba aliandika jina lake mwaka walipooana,
herufi nyembamba, za kupinda.
Weusi ndio uliokuwa wino.
Sasa ni mwanga tu, mwanga juu ya mwanga,
na jicho la mjane halioni pa kushika.

Sisemi kitu. Nitasema nini?
Musubao peke yake anauliza kama yai lipo kweli.

Mama anafumba macho.
Ukucha wa kidole gumba unatembea ndani ya duara,
taratibu, unakwama,
unaendelea, unakwama.
Anaanza upya kutoka mwanzo.
"Yumo," anasema.

Haifungi tena kwenye kitenge.
Anaitundika kwenye msumari wa dirisha,
lile linalotazama kaskazini.
"Jumamosi Kavugho aivae hivi hivi.
Ikirudi, iacheni hapo.
Yule wa juu ataandika."

Nakunja karatasi, nyeusi sasa yenyewe,
namwaga maji uani, juu ya mawe ya volkano.
Yanayameza papo hapo,
hata mvuke hayarudishi.